Mguu Upi Kwanza

Jezi za Nyota ya Dunda zilikuwa kumi na nane, na Adila alizijua moja moja kwa sababu ndiye aliyezifua. Namba tisa ilikuwa ya Abdulazizi. Kwa wiki ya tatu sasa ilikuwa ikiingia kwenye beseni haina doa la nyasi wala la damu, ila kola yake imetafunwa mpaka nyuzi zimechomoza. Mshambuliaji asiyeanguka na anayetafuna nguo ana hofu. Adila alikwisha kumwambia mumewe jambo hilo, akajibiwa kwamba yeye afue, mpira awaachie wenyewe.

Mwenyewe ndiye mumewe huyo, Mwinshehe. Miaka kumi aliichezea timu kubwa ya Dar es Salaam, miwili akavaa jezi ya taifa, na mji mzima wa Bagamoyo ulimwita Mwinshehe Kanzu kwa vile alivyokuwa akimpitishia beki mpira juu ya kichwa na kuukuta upande wa pili ukimsubiri. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, goti la kulia likilia kama bawaba kavu, na kazi yake duniani ilikuwa moja: kocha wa Nyota ya Dunda. Nje ya kazi hiyo alikuwa mzee tu mwenye picha ukutani. Alilijua hilo, na ndiyo maana hakupenda lisemwe.

Jioni moja Adila alikuwa kando ya uwanja na gunia lake, akisubiri mazoezi yaishe achukue jezi. Abdulazizi akapewa mpira akiwa amelipa goli mgongo, akajaribu kugeuka, beki akamnyang'anya. Filimbi ikalia.

"Wewe mtoto, mama yako alikuzaa au alikuangusha?" Mwinshehe aliuliza kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa nikigeuka, beki anabaki anatafuta ndara zake."

"Nifanyeje, kocha?"

"Ugeuke! Nitazame."

Akauomba mpira, akaupokea, akageuka. Hata na goti lile bovu lilikuwa jambo la kutazamwa. Ulikuwa mbele yake, mara ukawa nyuma ya beki, na katikati hapakuonekana kitu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Haya, fanya."

Abdulazizi akafanya, akakosa. Akafanya tena, mpira ukampiga kisigino. Mwinshehe hakumpiga kofi, na wapo waliosema baadaye kuwa kofi lingekuwa nafuu. "Gogo. Nenda ukakae pale kwa Mama Shadya, umsaidie kufua. Huenda kazi hiyo utaiweza."

Kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama mlingoti, akaja akakaa kwenye nyasi karibu na gunia. Adila hakumtazama. Alisikia tu meno yanavyofanya kazi kwenye kola.

Wakati huo akaja Yunus, mdogo wake Adila, kitinda mimba kwao, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi na katibu wa timu. Yunus mpira hakuupata kwa mguu tangu utotoni. Mwinshehe alipokuwa bado anachumbia nyumbani kwao, alikuwa akiwagawa watoto wa mtaa timu mbili wacheze, na kila mara Yunus alibaki peke yake katikati. "Wewe shemeji shika mashati ya wenzako," Mwinshehe alikuwa akimwambia, na Yunus alikaa kando na mashati mikononi mpaka adhana ya magharibi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mchezaji wa redioni."

Wachezaji wakacheka, na Yunus akacheka nao. Kwa watu wa pwani hii mashemeji kutaniana ni sehemu ya heshima. Asiyemtania shemeji yake, ujue ana neno naye moyoni. Hawa wawili walikuwa wametaniana miaka thelathini.

"Chama cha mpira kimeleta barua," Yunus alisema. "Tukiingia ligi ya mkoa msimu huu, asiye na cheti cha ukocha hawi kocha mkuu. Kozi ni siku kumi, hapahapa mjini. Nimeandikisha majina mawili, lako na langu."

"Langu sawa. Lako la nini? Wameanzisha kozi ya kuokota mipira?"

"Nataka kukupindua, shemeji. Nakwambia mapema, mbele ya mashahidi."

"Nipindue! Mtu ataweza kufundisha kuogelea, naye akilowa vifundo vya miguu anaita mama?"

"Marehemu Bi. Zaina mkunga hakuzaa hata mtoto mmoja," Yunus alijibu, "na nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Hata wewe."

"Na ngariba je? Wewe ungemkubali ngariba ambaye mwenyewe hajatahiriwa?"

Kipa alianguka chini kwa kicheko. Bwanaheri, mwenyekiti wa timu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kulithibitisha, akapiga makofi akasema Kanzu kashinda, hana mpinzani. Adila naye alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Abdulazizi peke yake hakucheka.

*

Siku ya kumi ya kozi Adila aliamka mapema, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaufunga kwenye hotipoti, akaupeleka shuleni ambako makocha walikuwa wakifanyiwa mtihani wa vitendo. Alitaka mumewe ale akishamaliza. Alitaka pia kumwona, kwa sababu siku tisa zote Mwinshehe alirudi nyumbani na daftari lisiloandikwa hata mstari mmoja, akisema hakuna jipya.

Mkufunzi alikuwa kijana kutoka Dar. Siku ya kwanza alikuwa ameomba kupiga picha na Mwinshehe, amemwekea mkono begani. Leo alikuwa na saa mkononi na karatasi kwenye ubao mdogo. Mtihani wenyewe ulikuwa mwepesi: watoto kumi na wawili wa darasa la tano, dakika ishirini, wafundishe kupokea mpira wakiwa na beki mgongoni, kisha wageuke.

Adila alipolisikia somo alimshukuru Mungu. Ni kama mtu kuulizwa jina lake.

"Nitazameni," Mwinshehe aliwaambia watoto, akageuka. Watoto wakashangilia. "Haya, fanyeni."

Hawakuweza. Akawaonyesha tena, wakashangilia tena, hawakuweza tena. Mara ya tatu walishangilia kidogo. Dakika zilikuwa zikienda, mkufunzi akiandika. Kisha msichana mmoja mwenye bukta ya kakaye akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, unaanza na mguu upi?"

Mwinshehe aliitazama miguu yake. Adila, aliyesimama chini ya upenu wa darasa na hotipoti yake, aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika miaka thelathini ya ndoa: mumewe hakujua. Miguu ilijua, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuiuliza.

"Unaanza..." Akauweka mpira, akajaribu polepole ili ajitazame. Akatanguliza wa kulia. Sivyo. Akatanguliza wa kushoto, akasimama katikati, akasahau bega linakwenda wapi. Alipoharakisha ili mwili ujikumbuke wenyewe, goti likakataa, akaenda chini kwa kiuno.

Watoto walicheka jinsi watoto wanavyocheka mtu mzima akianguka, hawana ubaya. Msichana yule hakucheka. Alimgeukia mwenzake akamwambia, kama anayetoa taarifa, "Mwalimu mwenyewe haijui."

Zamu ya Yunus ilifuata. Alichora alama tatu za chokaa kwenye nyasi. Jaribio lake la kwanza la kuonyesha, mpira ulimtoka ukaenda vyooni, naye akasema, "Mimi siwezi, ila nyie mtaweza." Kisha akaanza kuhesabu. Moja, tazama nyuma ya bega. Mbili, kushoto juu ya alama. Tatu, sukuma kwa kulia, ondoka. Moja, mbili, tatu. Alimshika kila mtoto bega, akamgeuza, akamwachia. Dakika ishirini zilipokwisha, watoto tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wakigeuka, na yule msichana alikuwa akigeuka kwa namna ambayo Adila aliitambua mara moja. Ilikuwa ya Mwinshehe. Yunus alikuwa ameihesabu miaka yote ile ameshika mashati ya watu.

Njiani kurudi nyumbani Mwinshehe alibeba hotipoti ambayo haikufunguliwa. Walipofika kona ya msikiti akasema, "Pale kwenye nyasi palikuwa na shimo."

"Nililiona," Adila alisema.

Hapakuwa na shimo. Alisema hivyo kwa huruma, na huruma hiyo ilimtisha, maana Adila aliwahi kumkasirikia mumewe, kumwonea wivu na kujivunia naye, lakini hakuwahi kumhurumia. Tangu hapo, kila alipomsikia akipiga kelele uwanjani, alikuwa anaisikia sauti ya yule mtoto wa darasa la tano.

*

Majibu yalitoka. Yunus alipata cheti. Mwinshehe aliandikiwa arudie mwakani.

Mwenyewe hakuyumba. Kocha msaidizi hadaiwi cheti, alisema, kwa hiyo Yunus atakaa pale kama kivuli cha karatasi, na yeye atakaa kando yake kama msaidizi na kuendesha timu kama kawaida. Alimweleza Bwanaheri mpango huo dukani, na Bwanaheri akasema "naam, naam" huku akimpimia mteja misumari. Ukweli ni kwamba kamati ilikuwa imekwisha kukaa. Wachezaji saba walikuwa wametishia kuondoka akibaki yule mzee. Ila kutoka kamati nzima hakupatikana mwanamume wa kwenda kumwambia Mwinshehe Kanzu uso kwa uso kuwa hatakiwi. Walisukumiana. Mwisho Yunus akasema, "Niachieni, mimi ni shemeji yake."

Ijumaa baada ya alasiri wakaja nyumbani watu watano na fomu ya usajili. Mwinshehe aliwaketisha sebuleni chini ya picha yake, jezi ya taifa, mguu juu ya mpira. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono tangu Ramadhani, na hata akiwa nayo alisoma kwa shida. Barua zote za timu alisomewa na Yunus.

"Nisomee, mwalimu, nitie sahihi, mnywe kahawa mwende."

Yunus aliinua karatasi, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio. "Kocha mkuu: Yunus Mahmoud. Kocha msaidizi: hayupo. Mtunza vifaa: Mwinshehe Kanzu."

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Bwanaheri alicheka ameinamia kikombe chake.

"Umesahau na dobi!" Mwinshehe akasema, akijipiga paja. "Andika hapo chini, dobi wa timu ni mke wake! Na mshahara wetu tulipwe kwa sabuni!"

"Nimekusomea, shemeji," Yunus alisema. "Tia sahihi."

Adila alikuwa anaingia na sinia la kahawa na kashata. Fomu ilikuwa mezani, mbele yake, naye macho yake yalikuwa mazima. Ilikuwa imeandikwa vilevile ilivyosomwa. Aliinua uso akakutana na wa mdogo wake. Kati ya wanaume wote waliokuwa pale, Yunus peke yake hakuwa anacheka.

Angeweza kusema neno moja. Angeweza hata kulisema kwa utani, "Hee, Baba Shadya, mbona kweli imeandikwa?" na wote wangecheka tena, na mumewe angeokoka. Neno lilifika ulimini. Akakumbuka kola ya namba tisa. Akakumbuka hotipoti, na watoto, na lile neno, "Mwalimu mwenyewe haijui." Akaona uchovu mkubwa unampanda kutoka kwenye vifundo vya mikono yake iliyochubuliwa na sabuni.

"Kunyweni, kahawa inapoa," alisema.

Mwinshehe akatia sahihi, herufi kubwa kubwa zenye mkia, kama alivyokuwa akiwatilia watoto kwenye madaftari nje ya uwanja.

*

Mechi ya kwanza ya ligi ya mkoa Mwinshehe aliingia uwanjani amevaa traksuti ya bluu aliyopigiwa pasi mpaka imeota makali, filimbi shingoni. Kamisaa wa mchezo, mtu mgeni mwenye kitambulisho kifuani, alikuwa amesimama mbele ya benchi na fomu, akiita majina.

"Wewe nani?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, wakidhani kamisaa naye anatania. Nani asimjue Kanzu?

"Mwinshehe."

Kidole cha kamisaa kikashuka kwenye karatasi, kikashuka tena, kikafika chini. "Mtunza vifaa. Weka mipira hapo, mzee, peleka na maji, kisha ukae nyuma ya kamba. Na hiyo filimbi ivue, inawachanganya wachezaji."

"Mimi ni kocha."

"Sahihi hii ni yako?"

Mwinshehe aliitazama karatasi kwa mbali, kwa karibu, tena kwa mbali. Mkia wa herufi aliutambua. Akageuka akamtafuta shemeji yake.

"Nilikwambia," Yunus alisema. Hakupaza sauti, lakini benchi zima lilimsikia. "Nilikwambia uwanjani kuwa nitakupindua. Nikakusomea nyumbani kwako, neno kwa neno, mbele ya watu wanne."

"Nilidhani utani."

"Mimi sikucheka, shemeji."

Bwanaheri akamshika mkono, akamvuta pembeni, akamweleza kwa sauti ya kubembeleza kuwa mfadhili wa timu hataki jina la Kanzu litoke kabisa kwenye timu, ndiyo maana wakamtafutia hiyo nafasi, na kwamba posho ya mtunza vifaa hata haichelewi kama ya kocha. Alifikiri anampoza. Mwinshehe aliivua filimbi, ikamkwama sikioni, akaivuta. Akaiweka juu ya gunia la mipira, akatoka akichechemea kupita mbele ya jukwaa zima. Kuna kijana aliyepiga kelele, "Kanzu, lete maji!" na waliocheka ni walewale waliowahi kumbeba mabegani.

Usiku ule hakuuliza kitu. Aliuliza asubuhi, wakati Adila anampa chai.

"Ulileta kahawa wewe."

"Nilileta."

"Karatasi ilikuwa mezani."

"Sikuitazama, Baba Shadya. Mimi na karatasi za mpira wapi na wapi?"

"Wewe unasoma bila miwani," alisema, akanyanyua kikombe, akanywa.

*

Msimu ulikwenda. Nyota ya Dunda ilifungwa mechi moja tu. Watu ambao miaka minne walikuwa wakiapa kwamba kocha lazima awe ameucheza, sasa waliapa kuwa waliocheza ndio hawafai, kichwa chao kiko miguuni, na walisema hivyo wakipita chini ya dirisha la Mwinshehe kana kwamba nyumba ile haina mtu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya tatu kutoka uwanjani. Kila shangwe iliingia ndani.

Mwinshehe hakutoka tena jioni. Alikaa sebuleni chini ya picha yake. Walipokuja wageni alisimulia hadithi ileile ya zamani: siku aliyofunga Uwanja wa Taifa, watu elfu thelathini wamesimama, na ndani ya mngurumo ule akakisikia kigelegele cha mkewe. Adila ana pengo la jino la mbele, na kigelegele chake hukatika katikati kama kinameza mate, kisha kikaendelea. "Nilikitambua," alikuwa akisema. "Nikajua niko nyumbani." Baadaye wageni walipungua, akabaki nayo mwenyewe.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu ya Kerege, na aliyeshinda ndiye anayepanda daraja. Adila alifunga khanga, akachukua gunia la jezi safi.

"Nazipeleka tu, narudi," alisema.

"Nenda."

"Sikai."

"Nimesikia. Nenda."

Alizipeleka. Alikusudia kurudi, Mungu ni shahidi. Ila wachezaji walipokwisha kuvaa mpira ukaanza, akasimama nyuma ya goli dakika moja, ikawa kumi, ikawa kipindi cha pili. Yunus alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari magotini kama anasahihisha hesabu. Hakumtukana mtu. Kuna wakati Abdulazizi alipoteza mipira miwili mfululizo, akaangalia benchi kwa uoga wake ule wa zamani, na Yunus akainua vidole vitatu tu. Moja, mbili, tatu.

Dakika zikiwa zinayoyoma mpira ukamfikia Abdulazizi amelipa goli mgongo, beki mnene wa Kerege akimpumulia kisogoni. Adila alimwona akitazama nyuma ya bega. Aliuona mguu wa kushoto ukikanyaga mahali ambapo palikuwa kama pana alama ya chokaa. Kisha katikati hapakuonekana kitu, na beki alikuwa peke yake. Alikuwa Mwinshehe mtupu, Mwinshehe wa miaka ishirini na mitano, na mpira ukawa wavuni.

Kigelegele kilimtoka kabla hajajua kuwa amefungua mdomo. Kilikuwa kirefu, kikakatika katikati, kikaendelea. Furaha ilimjaa mpaka akaruka, mwanamke mzima, na jezi za akiba zikamwagika kwenye nyasi. Alikuwa akiziokota ndipo alipoitazama nyumba ya tatu kutoka pale, na dirisha lake lililokuwa wazi.

Alirudi na gunia la jezi chafu. Mwinshehe alikuwa amekaa palepale.

"Wameshinda?"

"Moja bila."

"Abdulazizi."

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia."

Adila aliweka gunia chini. "Wanawake walikuwa wengi pale," alisema. "Mama yake kipa, na wale wa sokoni. Kila mtu alipiga kigelegele."

"Elfu thelathini, Mama Shadya," Mwinshehe alisema. "Kati ya watu elfu thelathini nilikisikia. Hapa ni nyumba tatu."

Adila alitamani mumewe amtukane, au amnyanyulie mkono, lolote ambalo lingempa na yeye haki ya kulia. Mwinshehe alikuwa ametazama sakafu.

"Aligeukaje?"

"Nani?"

"Mtoto. Alianza na mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Kushoto," Mwinshehe alirudia. Alisimama, akakunja kikoi kidogo, akasogeza ndara ya kushoto mbele, akatazama nyuma ya bega lake, ambako palikuwa na picha na ukuta. Akasukuma kwa wa kulia. Goti likalia. Akakaa chini polepole akijishikilia kiti, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho kilikuwa mfukoni mwake siku zote.

"Lete hizo jezi," alisema.

"Nitafua mimi, Baba Shadya. Pumzika."

"Lete. Si nilitia sahihi?"

Akavuta beseni mpaka katikati ya miguu yake, akaanza kutoa moja moja kwenye gunia, akizipanga kwa namba. Namba tisa ilikuwa na nyasi mgongoni na damu kidogo kiwikoni, na kola yake ilikuwa nzima. Mwinshehe aliipitisha mbele ya macho yake bila kuona chochote, akaizamisha kwenye maji, akamwomba mkewe sabuni.